Ng'ombe aliyemuuma kupe

Mkuu, umeuliza kama watu wa lugha tofauti wanaweza kujaza kanzidata moja ya maarifa, huyu akaandika kwa Kiswahili, yule akasoma kwa Kifaransa, bila mtafsiri katikati. Inawezekana, ila ugumu hauko unakoudhania.

Sisi tulikuwa wanne, tukikusanya maarifa ya magonjwa ya mifugo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Tulitumia Grammatical Framework, lugha ya programu ya kuandikia sarufi za lugha nyingi, aliyoianzisha Aarne Ranta mwaka 1998. Maana inahifadhiwa peke yake (fulani humwambukiza fulani), kisha kila lugha inapewa sarufi ya kuitamka. Sarufi hiyohiyo husoma pia: sentensi inayokubalika inageuka kuwa maana, lugha nyingine zinatoka papo hapo. Isiyokubalika inagoma.

Nilijiandaa kwa vita vya ngeli. Wapi! Kupe tulimwingiza I-ZI, ikatoka "kupe inaeneza ndigana kali". Tukaweka alama ya kiumbe, yakaisha.

Kilichotutoa jasho ni hii: "Ng'ombe aliyemuuma kupe aogeshwe." Sote tulielewa kwamba kupe ndiye kauma. Mashine ikaleta maana mbili, ya kwanza ng'ombe kamng'ata kupe! Tukacheka. Ikaja "ng'ombe aliyemwambukiza mbuzi", kicheko kikaisha, maana sisi wenyewe tuligawanyika wawili kwa wawili: nani kamwambukiza mwenzake? Hizo a- na -m- zinamfaa yeyote kati yao. Tukapiga marufuku umbo hilo kwa aliyetendwa. Useme "ng'ombe aliyeambukizwa na mbuzi".

Dawa ikazaa ugonjwa. "Ng'ombe aliyeumwa" kang'atwa na kupe au ni mgonjwa tu? Tukakubaliana: kuumwa lazima kufuatwe na "na", maradhi tuseme kuugua.

Wengi huanza kwa kunakili kanuni za Attempto, Kiingereza kilichobanwa cha Chuo Kikuu cha Zurich, yaani chenye kanuni kali ili kompyuta ipate maana moja tu. Kazi nzuri sana, lakini imeziba mashimo ya Kiingereza. Ya kwetu utayafukua mwenyewe. Kabla hujasakinisha chochote, chukua sentensi hamsini za watumiaji wako, uwasomee watu wawili mbalimbali, uwaulize nani kamfanya nani nini.

Bwana mifugo wetu mpaka leo huandika "kila kupe si hatari". Inagoma, ananipigia. Namuuliza: hakuna aliye hatari, au si wote? Ananyamaza kidogo, anasema, "Ngoja nikapige chai kwanza."