/usr/src haisasishiki baada ya kuhamia FreeBSD 14

Habari mkuu. Nilivyokuelewa: umehamia FreeBSD 14 (mfumo endeshi), svnlite (programu ya zamani ya kushusha msimbo wake) haipo tena, na git clone (amri ya kunakili msimbo) inagoma eti /usr/src, folda ya msimbo huo, si tupu.

Svnlite achana nayo, imeondolewa. Msimbo ulihamia Git tangu mwisho wa 2020. Anza na ls -a /usr/src. Ukiona .svn (folda iliyofichwa, masalia ya svnlite), ndiyo inayokukwamisha: rm -rf /usr/src/* haigusi mafaili yaliyofichwa. Wala usihangaike kuihamisha kwa mv, maana ukisakinisha kwa ZFS (mfumo wa mafaili) kawaida /usr/src huwa dataseti yake yenyewe, yaani sehemu iliyopachikwa peke yake, na itakataa kuhama.

Kama una faili lako la mipangilio ya kernel (kiini cha mfumo) ndani ya sys/amd64/conf, likopi kwanza /root. Halafu, kama root (msimamizi mkuu), futa kila kitu ndani ya folda na ushushe msimbo upya:

find /usr/src -mindepth 1 -delete
pkg install git
git clone -b releng/14.3 https://git.FreeBSD.org/src.git /usr/src

Hujataja toleo, freebsd-version itakuonyesha, ubadilishe hiyo 14.3. Kwa seva baki releng (tawi la toleo lililokwishatoka), inapokea viraka vya usalama na hitilafu nzito tu. Stable/14 (tawi la maendeleo, hubadilika kila mara) waachie wenye muda wa kukompaili kila wiki.

Baada ya hapo kusasisha ni:

git -C /usr/src pull --ff-only

Ikilalamikia umiliki wa folda, hujaiendesha kama root.