Siku za mgeni usizihesabu kwa saa

Sisi wa Bagamoyo saa zetu hazina vituko. Tanzania nzima iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa ya marejeo), Januari hadi Desemba, na hakuna anayegusa mshale. Ndiyo maana mtengeneza programu wa huku hunaswa kirahisi: kwenye kompyuta yake kila siku ina saa 24, majaribio yote yanapita, kisha kosa linaibukia kwenye simu ya mgeni aliyeko Munich.

Niliwahi kupewa mfumo wa nyumba ya wageni ya huku ufukweni niukarabati. Mgeni kutoka Ujerumani alikuwa ameweka nafasi kuingia tarehe 29 Machi 2025 na kuondoka tarehe 1 Aprili. Kwa hesabu ya vidole analala siku tatu: 29, 30 na 31. Mfumo ukamtumia bili ya siku mbili. Kufika mapokezi, dada wa kaunta anadai ya tatu, mgeni anaonyesha barua pepe. Dada akaingiza tarehe zilezile kwenye kompyuta yake, ikatoka tatu. Kila mtu ana ushahidi mkononi, na wote wanasema kweli.

Fomu ile ilikuwa inapiga hesabu ndani ya kivinjari cha mteja, kwa lugha ya programu ya JavaScript. Inachukua saa sita usiku ya siku ya kuingia na ya siku ya kutoka, inatoa, inagawanya kwa milisekunde 86,400,000, halafu inakata desimali kwa Math.floor. Sasa Ujerumani, kama Umoja wa Ulaya wote, husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka huo ilikuwa tarehe 30. Saa nane usiku ya kule ikaruka moja kwa moja hadi saa tisa, na katikati ya tarehe zile mbili zikabaki saa 71 badala ya 72. Gawanya kwa 24 unapata 2.96, kata desimali, siku moja imeyeyuka.

Oktoba mambo hugeuka. Saa moja inarudiwa, siku inakuwa na saa 25, na aliyetumia Math.ceil, inayopandisha desimali hadi namba nzima ya juu, anamtoza mgeni siku ambayo hakulala.

Wengi hukimbilia Math.round, inayokadiria hadi namba nzima iliyo karibu. Jibu litatoka sawa, lakini mimi siipendi, kwa sababu atakayeusoma msimbo huo baadaye hatajua iliwekwa kwa nini, na siku moja ataifuta. Tarehe ya kulala haina saa ndani yake, basi usiipe. Kwenye JavaScript zijenge tarehe zote mbili kwa Date.UTC kabla ya kutoa, maana UTC haina siku ya saa 23. (Kumbuka kwamba humo Machi ni mwezi wa 2. Aliyeamua hivyo simwelewi mpaka leo.) Kwenye lugha ya Python tumia date (tarehe tupu), achana na datetime (tarehe pamoja na saa). Kwenye kanzidata, safu iwe ya aina ya DATE.

Saa ikihitajika kweli, kwa mfano kikao cha kila Jumatano na mteja wa Berlin, hifadhi saa ya ukutani pamoja na jina la eneo, yaani Europe/Berlin. Ukihifadhi +01:00, yaani tofauti na UTC peke yake, umejifunga, kwa sababu Berlin iko nyuma yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Na usijaribu kuziandika kanuni hizo mwenyewe. Marekani hubadili Jumapili ya pili ya Machi, Brazil waliacha mwaka 2019, Misri walirudisha mwaka 2023. Hiyo ni kazi ya tzdata, hifadhi ya kanuni za saa za maeneo yote duniani. Wewe hakikisha seva yako inaisasisha.

Kabla hujakabidhi kazi, endesha majaribio ukiwa umeweka TZ=Europe/Berlin (mpangilio unaoiambia programu itumie saa za Berlin), kwa tarehe zinazovuka 29 Machi na 25 Oktoba 2026. Kisha weka Africa/Cairo na uulize saa sita usiku ya Ijumaa tarehe 24 Aprili 2026. Misri huruka saa sita yenyewe, kwa hiyo JavaScript itakurudishia saa saba usiku, na msimbo wowote unaodhani kila siku huanzia sifuri utaanguka hapo hapo.