Sifuri Yako Iko Wapi?

Jana nimesahihisha madaftari kumi na moja ya wadogo zangu mnaoanza kugawanya polinomia (semi kama x³ − 7x + 6) kwa njia ndefu. Tisa yana kosa lilelile, na kosa lenyewe ni langu. Nilidhani nililizika zamani. Haya, sogeeni.

1. Pangeni vipeo, zile namba ndogo juu ya x, kuanzia kikubwa kushuka, kabla ya kuchora ule mstari. Hili halina mjadala.

2. Kipeo kisichokuwepo kiwekeeni sifuri. Mimi niliulizwa kwenye mtihani: onyesha kwamba x − 2 ni kigawo cha x³ − 7x + 6 (yaani inaigawanya bila baki), kisha tafuta vigawo vilivyobaki. Mnaona kwamba x² haipo? Mimi sikuona. Nikaanza na x², nikazidisha, nikapata x³ − 2x². Ile −2x² nikaipachika chini ya −7x, maana ndipo palipokuwa na nafasi. Nikatoa, ikaja −5x. Nikateremka nayo bila wasiwasi hadi jibu x² − 5, baki −4.

Nimeambiwa nionyeshe ni kigawo, nami nina baki mkononi! Mwenye akili zake angerudi juu. Mimi nilirudia hesabu mara mbili kwa njia ileile, nikapata −4 ileile, nikaona huo ndio ushahidi. Nikaandika kwa herufi kubwa: SWALI LINA KOSA. Nikapigia na mstari.

Karatasi iliporudi, mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: "Sifuri yako iko wapi?" Na vigawo vilivyobaki navyo vikaenda na maji, kwa sababu vilitegemea jibu hilo. Kumbe ukiandika x³ + 0x² − 7x + 6, ile −2x² inakaa chini ya 0x², unabakiwa na 2x², halafu −3x, na mwisho baki ni 0. Jibu x² + 2x − 3, yaani (x + 3)(x − 1). Kinachoniuma zaidi: kanuni ya baki nilikuwa naijua. Weka 2 mahali pa x, na unachopata ndicho baki: 8 − 14 + 6 = 0. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa namfundisha mwenzangu kanuni hiyohiyo.

3. Mnapotoa, tieni mabano mstari mzima. Kuna mmoja wenu (anajijua) anatoa cha kwanza, cha pili anajumlisha. Nilipomuuliza kwa nini, akasema ilikuwa inapendeza hivyo.

4. Njia fupi, ile ya kuandika namba tupu bila x, ni ya vigawanyi vya aina ya x − a. Msiipeleke kwenye x² + 1.

5. Kipeo cha baki kikiwa kidogo kuliko cha kigawanyi, simameni. Kuna daftari limeshafika −4/x, na mwenyewe ameniomba karatasi ya ziada.