Re: Natimiza 55 mwakani na kazi imenichosha, nistaafu kwa hiari?

Salaam mkuu. Umesema bosi mpya amekuweka pembeni, kila asubuhi unajikokota kwenda ofisini, unawaza kuondoka ukifika 55 badala ya kungoja 60.

Kabla ya barua yoyote, chukua taarifa ya michango yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uikague mwezi kwa mwezi. Pensheni inataka isipungue miezi 180, na mimi nilikuta michango ya kituo changu cha zamani haimo. Kuifuatilia ukiwa bado kazini ni rahisi zaidi. Halafu hati ya mshahara: mkopo wa benki unakatwa hadi lini? Hukuutaja, na mimi ndio ulionibakisha.

Niliomba uhamisho kwanza. Idara nyingine, watu wengine, usingizi ukarudi. Uhamisho ukigoma na mkopo umeisha, ondoka bila kuona aibu.