Kitunguu saumu cha nyumbani na bua lake linaloliwa

Nilipanda punje za kitunguu saumu, majani yakastawi, lakini nilipochimba nikakuta kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje. Kwa nini?

Kilikosa baridi. Kitunguu saumu hujigawa punje baada ya kupitia wiki kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kama unaishi penye joto mwaka mzima, weka vitunguu vizima ndani ya friji kwa wiki 6 hadi 8, kisha zitenganishe punje na uzipande mara moja: ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 10 hadi 15. Panda zilizonenepa, ndogo peleka jikoni. Hicho ulichochimba kinaliwa vizuri tu. Ukikipanda tena na kikapata baridi, kinaweza kujigawa.

Katikati ya majani limechomoza bua lenye kichwa kilichochongoka. Nilikate?

Likate, tena mapema. Ni bua la ua. Ukiliacha, mmea utalilisha na kitunguu cha chini kitadumaa. Subiri lijikunje duara moja, ulikate kabla halijanyooka. Majani usiyaguse, maana ndiyo yanayokinenepesha kitunguu.

Mmea wangu haukutoa bua. Unaumwa?

Hapana. Aina za shingo laini (shingo ni sehemu ya mmea iliyo juu tu ya kitunguu) kwa kawaida hazitoi bua. Za shingo ngumu ndizo hutoa.

Mabua haya yanapikwaje?

Naumia kuona watu wakiyatupa, maana ni mavuno kamili. Ondoa kichwa na sehemu ya chini iliyokakamaa. Ladha yake ni ya kitunguu saumu, ila ni pole zaidi, na moto huiongezea utamu. Yakate vipande vifupi, uyakaange kwenye mafuta dakika 3 au 4 mpaka yalainike, yakibaki na ukijani. Kisha vunjia mayai juu yake, au changanya na wali. Yakiwa mazima, yapake mafuta na uyachome. Machanga kabisa nayapenda mabichi, yakisagwa na karanga, chumvi, mafuta na maji ya limau.

Naweza kuyahifadhi ndani ya mafuta kabatini?

Usifanye hivyo kamwe. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na hapo bakteria wa botulizimu huweza kutengeneza sumu isiyo na harufu wala ladha. Yaliyotiwa mafuta yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya siku 4, au yagandishe.