Mkeo hapotezi muda, anakutafutia watu wa kukuzika

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, mtumishi wa serikali. Tulihamia Dodoma 2017 ofisi ilipohamishwa kutoka Dar es Salaam, na sasa tuna nyumba yetu Ilazo. Mke wangu ni mtu mzuri ila ana ugonjwa wa misiba. Ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha akina mama wa mtaani. Kila mwezi anatoa 5,000, na msiba ukitokea anatoa tena, na unga, na siku zake mbili. Tangu mwaka juzi amezidisha. Majuzi alikwenda Hombolo kumzika mama wa mwanamke anayetuuzia mlenda na mchicha getini, wala si ndugu. Aliondoka Jumamosi alfajiri, akarudi Jumapili jioni ananuka moshi. Mimi na watoto tulishindia chapati za kununua. Nilikasirika, nikamwambia mbele ya watoto kwamba nikifa mimi nizikwe siku hiyo hiyo, pasipikwe hata chai, asiitwe mtu. Mtu akifa amekufa, mengine yote ni gharama. Tangu siku hiyo ananijibu kwa mkato. Si kwamba siheshimu wafu. Machi 2021 nilikwenda Uwanja wa Jamhuri kumuaga Rais Magufuli, nikasimama tangu asubuhi. Na mama yangu alipofariki mwaka juzi, hapa hapa kwangu, nilichukua ruhusa yangu ya siku 4, tukampeleka Manyoni, mambo yakaenda vizuri bila fujo. Nimweleweshe vipi mke wangu? – Mume Aliyechoka, Ilazo*

Marahaba, baba. Pole kwa kufiwa na mama. Najua ni mwaka juzi, lakini pengo la mama halizoeleki. Pole yangu inaishia hapo, maana sasa nataka kukusema.

Umeandika kwamba mambo yakaenda vizuri. Mambo hayana miguu, mwanangu. Mama amefia mjini, kwenye nyumba yenye ukuta na geti, mtaa ambao sidhani kama unamjua jirani yako wa kushoto kwa jina. Nani alimwosha? Nani alilala kwenye mikeka sebuleni kwako ili mkeo asibaki peke yake na maiti ya mkwewe? Zile sufuria kubwa zilitoka wapi, maana kabatini kwako nina hakika kuna za kupikia watu watano tu? Turubai nani alilifunga, kuni nani alizileta, na nani alikuwa macho saa kumi alfajiri anachemsha chai ya wasafiri kabla kosta haijaondoka kwenda Manyoni? Mwanaume akiniambia msiba ulikwenda vizuri bila fujo, najua kuna wanawake hawakulala.

Haya, sasa soma barua yako mwenyewe, taratibu. Mkeo amezidisha misiba tangu mwaka juzi. Mama yako alifariki mwaka juzi. Umeyaandika yote mawili kwa mkono wako na bado hujayaona. Mkeo hana ugonjwa wowote. Ana deni, na deni lenyewe ni la kwenu. Aliyekufa ni mama yako, anayelipa ni yeye, na wewe unamdai chapati.

Kila msiba una daftari. La msiba wa mama yako lipo, na kwa jinsi ninavyowajua makatibu, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni chini ya nguo zake. Muombe akuonyeshe. Utakuta kaunta buku ya kawaida, imepigwa mistari kwa rula: jina, fedha, vitu. Mmoja 2,000. Mwingine sukari kilo 1. Mwingine unga sado 1. Wako ambao kwenye fedha pana kistari tu, halafu kwenye vitu pameandikwa kuni, au maji ndoo 6, na wewe unajua maji ya Dodoma yanavyopatikana kwa mgao. Pitisha kidole kila mstari, umtafute huyo mwanamke wa mlenda. Simjui, sijawahi kumuona, lakini naweka dau kwamba yumo. Mwanamke mwenye akili zake haondoki alfajiri kwenda Hombolo kumzika mama wa mtu aliyemkuta getini tu. Kuna siku mtu huyo alikuja kwake.

Umeitaja pia ruhusa yako ya siku 4. Ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, na mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu, bibi na mjukuu wamo pia. Ulikwenda, ukazika, mshahara ukaingia kamili. Muuza mlenda hana mwajiri. Siku aliyokaa kwenu ni siku ambayo beseni lake lilikauka, na hakuna sheria itakayomrudishia. Katika msiba wa mama yako, huyo unayesema "wala si ndugu" inawezekana alitoa kikubwa kuliko wewe.

Na Uwanja wa Jamhuri uliuleta wa nini hapa? Sikulaumu kwenda. Machi 22 ile Dodoma yote ilikuwa barabarani. Lakini msiba wa Rais una jeshi la kubeba jeneza na bendi ya kupiga, na hakuna aliyekuja kukugusa bega akakwambia, baba, tusaidie kumenya vitunguu. Kusimama kwenye umati wa maelfu ni rahisi. Mtihani ni kuingia kwenye nyumba ya udongo Hombolo, ukakuta watu kumi na mbili, wote wakageuka kukuangalia, na huna la kusema zaidi ya pole. Huo ndio unaoukwepa, nadhani, na umeupa jina la gharama.

Kwa kuwa ulihamia 2017, nikukumbushe ulikohamia. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilishindwa mlima, ikarudi nyuma kwa kasi, ikagongana na ya mizigo pale Igandu, mkoa huu huu. Walikufa watu 281. Wapo ambao hawakutambuliwa na mtu yeyote, na hao walizikwa huku na watu wasiowajua hata kwa sura. Hakuna aliyeuliza kama ni ndugu. Wenyeji wa huku wana mambo yao, mimi mwenyewe huwa nawasema, lakini kwenye kuzika mgeni usiwafundishe kazi. Wewe una miaka kibao hapa na bado unaishi kama abiria aliyekaa juu ya begi lake stendi. Mkeo ameshashuka kwenye gari zamani. Ana watu.

Tuje kwenye wosia wako wa mezani. Nizikwe siku hiyo hiyo, pasipikwe chai, asiitwe mtu. Hujasema dini yako. Kama ni Mwislamu, kuzikwa mapema ni desturi wala hakuna wa kukupinga, ila hata huko watu hukaa, hupika, husoma hitma. Kama ni Mkristo, kaka zako wa Manyoni watataka kufika, na watafika. Maiti haulizwi sanda, baba. Wewe siku hiyo utakuwa umelala, wenye kazi ni waliobaki.

Na kazi ipo nyingi. Pale makaburini ndipo msemaji wa familia husimama akasema anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na wahusika. Matanga yakianuliwa ndipo ukoo unakaa, unamtaja atakayesimamia mirathi, unaandika muhtasari, na muhtasari huo ndio unaopelekwa mahakamani. Sasa piga picha kikao hicho. Upande mmoja kaka zako na shangazi zako, wamekuja na macho yao kwenye nyumba ya Ilazo. Upande wa pili mkeo, kajifunga kanga, hajala. Wale akina mama wa chama wakiwa wamejaa uani, wanaosha sufuria huku masikio yao yakiwa wazi, ndugu zako watazungumza kwa adabu. Uani pakiwa patupu, Mungu amsaidie. Na wewe umeshaagiza asiitwe mtu!

Ndiyo maana anakujibu kwa mkato. Hajakasirishwa na makelele, makelele ameyazoea. Amesikia kwamba siku mbaya kuliko zote maishani mwake umepanga aipitishe peke yake. Na umesema mbele ya watoto. Mtoto mdogo hajui kwamba baba anatania au amekasirishwa na chapati, anachojua ni kwamba baba amesema atakufa na hataki watu. Mwite huyo mdogo leo, zungumza naye.

Kama kweli unajali mambo ya baada yako, andika wosia. Wa karatasi, wenye mashahidi. RITA, wale wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na wanatunza. Ungeniambia umeandika, nyumba ni ya mama na watoto, ningekutetea hata kwenye hilo la chai. Lakini wanaume wa siku hizi mna amri nyingi za mazishi na karatasi hamna.

Nyinyi wanandoa wa siku hizi mnanishangaza sana. Mtu anajua namba ya siri ya simu ya mwenzake lakini hajui mwenzake anataka kuzikwa wapi, wala benki gani kuna nini. Mnajenga, kitu cha kwanza ukuta. Ukuta ukishasimama mnasema sasa tumetulia, mimi, mke wangu na watoto wangu. Halafu kadi ya harusi ya mtoto wa bosi ikija, singo 50,000, dabo 100,000, baba huyo huyo anatoa dabo bila kukohoa, anashona na suti, na Jumamosi yote imeliwa na vikao vya kamati na ukumbi. Hiyo haiitwi kupoteza muda. Mwanamke akitoa 5,000 yake kwa mwezi, ambayo huenda ni ya kibiashara chake mwenyewe, maana hujasema unampa wewe, hiyo ndiyo ugonjwa. Ndoa haiishii getini. Mwanamke mwenye watu nje ya geti ndiye anayeishikilia nyumba yako isitikisike, na sijui ni lini wanaume mlianza kumuona huyo kuwa ni mzururaji.

Una hoja moja, nisikunyime. Misiba yetu mingine imevuka mpaka. Sare za vitenge, mpiga picha wa video, ng'ombe anachinjwa wakati bili ya hospitali haijalipwa na watoto wa marehemu wamesimamishwa shule. Kama mkeo ndiye anayeshinikiza mambo hayo chamani, mseme. Lakini katika barua yako yote sikuona sare wala ng'ombe. Niliona unga, kuni, na mwanamke aliyerudi ananuka moshi. Moshi ule ni wa kupikia wafiwa.

Umeniuliza umweleweshe vipi mke wako. Hakuna cha kumwelewesha, anaelewa kuliko wewe. Muombe radhi, na watoto wakiwepo, kama ulivyomsema wakiwepo. Halafu mwambie akutafutie namba ya mwenyekiti wa mtaa na ya wanaume wa mtaani, maana na wanaume wana kazi yao msibani: kulala nje kwenye moto, kufunga turubai, kuchimba. Ardhi ya Dodoma kiangazi unaijua, sururu inadunda. Kitambi chako cha ofisini kitasaidika.

Jumamosi hii, kabla ya hayo yote, nendeni Hombolo na mkeo. Matanga yameshaanuliwa, haidhuru. Bebeni sukari na unga, na ufikapo usianze kueleza kazi za ofisini na kwa nini hukuja kuzika, hakuna aliyekuuliza. Mwache mkeo aseme, wewe toa pole yako, ukae.

Shangazi