“Very”, “so”, “pretty”, “quite”: kwa nini zote si “sana”

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu na mimi nililibeba miaka mingi. Unasema shuleni ulifundishwa kwamba “sana” kwa Kiingereza ni “very”, basi. Lakini ukiwasikiliza wenyewe wakipiga soga, “very” huisikii mara nyingi kama ulivyotarajia. Unasikia “so”, “really”, “pretty”, “super”, “totally”. Ukauliza kama yote ni sawa, na kama unaweza kuchukua lolote linalokujia mdomoni.

Si sawa. Nitaeleza kirefu, maana kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, mwaka wa 12 sasa, na makosa yaliyonitia matatani hayakutokana na maneno magumu. Yalitokana na vineno hivi hivi, ambavyo mimi huviita vikolezo kwa sababu kazi yake ni kukoleza neno jingine.

Tuanze na “sana” yenyewe. Ni neno lisilobagua. Mzuri sana, mapema sana, anakimbia sana, nakushukuru sana: sifa, kielezi, kitenzi, yote hupokea “sana” ileile na mahali palepale, nyuma. “Very” ni tofauti kabisa. Hukaa mbele, tena mbele ya sifa na vielezi tu. Kitenzi haikigusi. Ndiyo maana “I very like it” husikika imevunjika, ingawa kila neno ndani yake ni sahihi. Kitenzi kinataka “really” mbele yake, “I really like it”, au “very much” ama “a lot” mwishoni. Kama una haraka na unataka kikolezo kimoja kitakachokufaa karibu kila mahali, shika “really”. Hukaa mbele ya sifa, hukaa mbele ya kitenzi, na kwenye maongezi ya kawaida hakuna atakayekushangaa.

Sasa nije kwenye “too”, kwa sababu hapa ndipo Kiswahili chetu kinatuponza. Sisi tuna “mno”. Maana yake ya asili ni kupita kiasi, lakini mdomoni tunalitumia kusifu bila wasiwasi: umependeza mno, nimefurahi mno. Basi mtu anachukua “mno”, anaitafsiri “too”, na anaamini amesifu. “Too” haisifu. “Too” inasema mpaka umevukwa na kuna kitu kimeharibika au hakiwezekani tena. “Very hot” ni moto sana, pengine wautaka hivyo. “Too hot” ni moto kiasi kwamba huwezi kunywa.

Niliwahi kumwandikia mteja kumshukuru kwa maelezo aliyonipa kuhusu kazi yake. Yalikuwa ya kina, na yalinirahisishia mno. Nikaandika “Your notes were too detailed, thank you.” Akajibu kwa kuomba radhi. Kazi iliyofuata alinitumia maelezo ya mistari miwili, nikahangaika nayo siku nzima. Ilinichukua muda kugundua kwamba mimi ndiye niliyemwambia apunguze. Ningeandika “so detailed” au “really detailed”, ningepata tena kilekile nilichokipenda.

Utasikia “you're too kind”, na hiyo ni salama. Ni msemo uliokwisha kuganda, maana yake wema wako umezidi ninavyostahili. “Not too bad” nayo ni salama, maana yake si vibaya, inaridhisha. Nje ya misemo ya aina hiyo, kila unapotaka kuandika “too” jiulize kama unalalamika. Kama hulalamiki, lifute.

Kikolezo kilichonisumbua zaidi ya vyote ni “quite”. Niliwahi kufanya kazi chini ya mhariri Mwingereza. Nikampelekea rasimu, ikarudi na maneno mawili: “quite good”. Nikafurahi, nikaiacha kama ilivyo, nikaituma kwa mteja. Wiki iliyofuata nikaitwa na kuulizwa kwa nini sikuirekebisha. Kwake yeye, “quite good” ilikuwa na maana ya inaridhisha, lakini bado. Mwenzangu Mmarekani niliyemwonyesha karatasi ileile aliona nimepewa pongezi kamili, kwa sababu kwao “quite” hukoleza, inakaribia “very”. Maneno ni yaleyale mawili, lakini bahari ya Atlantiki ikikaa katikati maana inageuka.

Halafu Waingereza wenyewe wana tabaka jingine linalosikika kwa sauti tu, halionekani kwenye maandishi. Mkazo ukiwekwa kwenye “quite”, msemaji anajizuia, kuna “lakini” inakuja nyuma. Mkazo ukihamia kwenye “good”, mambo ni mazuri zaidi. Na sifa ikiwa ni ya ukamilifu, kitu ambacho ama kipo ama hakipo, “quite” hugeuka kuwa “kabisa”: “quite impossible” ni haiwezekani kabisa, “you're quite right” ni uko sahihi kabisa. Kwa hiyo, mkuu, ukipokea “quite” kwenye barua ya kazi, usishangilie wala usihuzunike kabla hujajua aliyeandika ametoka wapi. Wewe mwenyewe unapoandika kwa watu usiowajua, liepuke. Mimi nimeacha kulitumia kwenye barua za kazi na sijawahi kulikosa.

“Pretty” ni jepesi zaidi. Linakaa chini ya “very” na juu ya “kiasi”, na kazi yake kubwa ni kupunguza ugumu wa kauli. “I'm pretty sure” ni nina hakika, ila nimeacha mlango wazi kidogo. Halijali kama jambo ni zuri au baya: “pretty good”, “pretty bad”, yote yanakwenda. Ni la maongezi. Kwenye ripoti rasmi linaonekana limevaa kandambili.

“So” lina siri yake. Unaposema “the film was very long” unatoa habari. Unaposema “the film was so long” unamvuta msikilizaji aungane na hisia yako, kana kwamba na yeye alikuwepo au anaweza kuiona sura yako. Asili yake ni kauli yenye mkia: so long that I fell asleep, ndefu hata nikasinzia. Kwenye maongezi mkia umekatwa, msikilizaji anaachiwa aukamilishe. Ndiyo maana linafaa kwa rafiki na linakaa vibaya kwenye ripoti, ambako msomaji anasubiri ule mkia usiokuja. Ukitaja na nomino, “so” inaondoka na “such” inaingia: “so good”, lakini “such a good day”.

Niseme na hili la sifa zenye nguvu, maana wengi tunakosea hapa bila kusahihishwa na mtu. Kiingereza kina sifa za kupimika, kama “cold”, “tired”, “big”, na kina sifa ambazo zimeshakolezwa tangu zinazaliwa: “freezing”, “exhausted”, “huge”. Kundi la kwanza hupokea “very”. Kundi la pili halipokei, kwa sababu “very” imo ndani tayari. Linataka “absolutely”, “completely”, “totally”: very cold, lakini absolutely freezing. Ukigeuza ukasema “absolutely cold”, utaeleweka ila sikio litakwaruzwa. “Really” peke yake ndiyo inayovuka pande zote mbili, na ndiyo sababu nyingine ya kukuambia uishike.

Kuna vikolezo vinavyochagua wenza. “Highly” huenda na “unlikely” na “recommended”, haiendi na “sorry”. Ukitaka kuomba radhi kwa uzito ni “deeply sorry”. Kukata tamaa ni “bitterly disappointed”. “Utterly” hupenda mabaya: utterly ridiculous, utterly useless. Hakuna kanuni ya kukariri hapa. Ukishangaa, kumbuka kwamba sisi wenyewe ni wabaguzi kuliko wao. Giza kwetu ni totoro, usingizi ni fofofo, kimya ni jii, nyeupe ni pee, nyeusi ni tii. Hakuna Mswahili anayesema giza fofofo. Nao wanazo za namna hiyo: giza totoro ni “pitch dark”, kulala fofofo ni “fast asleep”, uchi wa mnyama ni “stark naked”, kimya jii ni “dead silent”. Nilipoanza kuzikusanya kwa jozi hivi, nikiandika yetu upande mmoja na yao upande wa pili, zilinikaa kichwani kuliko orodha yoyote niliyowahi kupewa.

Umeuliza pia kwa nini ni mengi hivyo, na kwa nini yanabadilikabadilika. Ni kwa sababu kikolezo huchakaa. Kila mtu akikitumia kwa kila kitu, hakikolezi tena, na watu hutafuta kipya. “Very” lenyewe lilianza na maana ya “kweli”. Lilitoka kwenye Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni “verus” ya Kilatini. Alama ya maana ile bado iko kwenye “the very man”, yaani mtu yuleyule hasa. Lilipochoka, likaja “really”, ambalo nalo asili yake ni “kwa kweli”. Na sisi tunasema nini? Ananipenda kwelikweli. Ni njia ileile.

Njia ya pili ni ya hofu. “Awfully”, “terribly”, “dreadfully” yote yalibeba vitisho, lakini leo “awfully nice” na “terribly kind” ni sifa njema. Kijana wa leo akisema binti ni mzuri hatari, au mpira ulikuwa mtamu balaa, amepita barabara hiyohiyo bila kuonyeshwa na Mwingereza yeyote. Mimi hili hunigusa kila nikilifikiria, kwamba ndimi mbili zisizo na udugu huamua, kila moja kwa wakati wake, kwamba kitu cha kutisha ndicho kipimo cha ukubwa.

Watafiti Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha mwaka 2003 utafiti wa maongezi ya watu wa mji wa York, Uingereza, wa rika mbalimbali. Wazee walishikilia “very”, vijana walikuwa wamehamia “really”. Kwa hiyo ulichokisikia si ndoto. Kitabu chako cha shule kilikufundisha Kiingereza cha babu zao, na hakikukosea.

Maneno mengine hayafi, yanahama. “Right” lilikuwa kikolezo cha heshima zamani, na limebaki kwenye vyeo. Katika kanisa la Anglikana mkuu wa kanisa kuu huandikwa “Very Reverend”, askofu “Right Reverend”, askofu mkuu “Most Reverend”: vikolezo vitatu vimepangwa kama ngazi. Lakini nenda kaskazini mwa Uingereza, utamsikia mtu wa kawaida akisema “right good” bila cheo chochote. Na kila eneo lina lake. Liverpool na Manchester ni “dead good”, Glasgow ni “pure”, Boston na jirani zake ni “wicked cold”, kaskazini mwa California ni “hella”. Haya yafahamu ili uelewe ukiambiwa, lakini usikimbilie kuyavaa. Kikolezo cha mtaa kikitoka kwa mgeni husikika kama shati la kuazima.

“Bloody”, kikolezo chenye harufu ya tusi, liweke kando kabisa mpaka ujue uko na nani. Australia ni la kawaida hata kwa watu wapole. Uingereza limelainika sana, ila lina historia: Bernard Shaw alipoliweka mdomoni mwa mhusika wa kike kwenye tamthilia yake ya Pygmalion, iliyoigizwa London mwaka 1914, neno hilo moja liliandikwa magazetini kama tukio.

Na “literally”, yaani “kwa maana halisi ya neno”, ambalo ulisema limekuudhi kwa sababu watu wanasema “I literally died” wakiwa hai. Si upotofu wa vijana wa sasa. Kamusi ya Merriam-Webster ililitambua tumizi hilo la kukuza mambo tangu toleo lake la mwaka 1909. Hata hivyo mimi silitumii kwenye maandishi ya kazi, kwa sababu msomaji anayechukizwa nalo huacha kusoma hoja na kuanza kumsoma mwandishi.

Nimebakiza moja ambalo ni la adabu zaidi kuliko la sarufi. Vikolezo vikikanushwa hugeuka pazia. “Not very good” haimaanishi “si nzuri sana” kama tunavyoelewa sisi, kwamba nzuri ipo ila imepungua. Mara nyingi maana yake ni mbaya, imesemwa kwa upole. Mtu akikuuliza ulipenda ukajibu “not really”, umesema hapana. Na akikujibu wewe hivyo kuhusu kazi yako, usiendelee kumweleza kana kwamba amekubali nusu. Amekataa.

Ile sentensi ya bosi wako uliyoinukuu mwishoni mwa swali, “I'm quite happy with it, really”, siwezi kukutafsiria kwa uhakika bila kujua ametoka wapi na mkazo aliuweka wapi. Kama ni Mwingereza na sauti yake ilishuka kwenye “really”, ningerudi kuitazama ile kazi leo hii kabla hajakuita. Tuambie aliisemaje, na ulikuwa umemwuliza nini kabla ya hapo.